Mpeleke Mtoto Sokoni



Hakuna mama asiyevijua vita vya sahani. Wali umepakuliwa, mweupe, watoa moshi. Kando yake kuna lengalenga iliyopikwa kwa mawese na kitunguu. Na mtoto wa miaka mitatu amefumba midomo kama mlango wa bohari siku ya Dominika. Mama abembeleza, mtoto ageuza shingo. Baba akemea, mtoto alia. Mwishowe mama, kwa kuchoka tu, aondoa mboga na kumpa mtoto wali mtupu wenye mchuzi kidogo. Kesho yake mambo ni yale yale. Haupiti mwezi, mama amekwisha kutangaza mbele ya majirani: "Huyu wangu hali majani."

Neno hilo ndilo tutakalo kulizungumza leo. Twaliona kuwa ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikilizwa, na aliyehukumiwa ni mdogo mno, hana wakili.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni dogo. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2013 na 2014, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe njema siku nyingi. Watoto hao si wote waliokosa cha kutia tumboni. Wengi wao walishiba kila jioni. Walishiba bugali wa mihogo leo, bugali kesho, na wali siku ya sikukuu. Unga wa mihogo hutia nguvu ya kukimbia na kucheza, lakini ni maskini sana kwa yale yajengayo mwili na kuyalinda macho. Na tazama ajabu ya uumbaji: mmea ule ule ambao mizizi yake ni maskini, majani yake ni tajiri. Sombe ina kile kijengacho misuli, ina vitamini A na C, ina madini. Kwa hiyo mtoto alaye bugali na kukataa sombe amechukua nusu hafifu ya mhogo na kuiacha nusu iliyo bora. Mtoto asiyeona vema jua lituapo, akajikwaa mlangoni hali wenzake wapita bila taabu, pengine ndiye mtoto yule "asiyekula majani". Ndugu zetu wa Kivu walio na jina lao la kale, bwaki, kwa ugonjwa uvimbishao miguu ya mtoto na kumgeuza nywele rangi, hawakulitunga kwa mchezo.

Basi kwa nini mtoto akataa? Wazazi wengi husema: ni ukaidi. Sisi twaona kwamba ukaidi upo, lakini mara nyingi sicho chanzo. Mtoto anyonyaye hupewa kila kitu na mkono wa mama yake. Afikapo umri wa kutembea peke yake, akaweza kuingia vichakani na kuokota jani lolote na kulitia kinywani, ndipo aanzapo kuviogopa vyakula asivyovijua, hasa vile vyenye uchungu. Je, si Muumba aliyemwekea mlinzi huyo ulimini? Mimea mingi yenye sumu ni michungu. Hata sombe yenyewe, ikiliwa mbichi, ina sumu. Ni kinu, mchi na moto vinavyoiondoa. Kwa hiyo mtoto atemaye jani geni hatendi upumbavu. Afanya kazi ya askari wa zamu: amsimamisha asiyemfahamu na kumwuliza, wewe nani?

Na askari wa zamu hashindwi kwa kofi. Hushindwa kwa kumzoea mpitaji. Wataalamu wa malezi wamechunguza sana jambo hili, nao wameona kwamba mtoto huweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara nane, mara kumi, hata mara kumi na tano, kabla ya kukikubali. Mama wengi hujaribu mara mbili au tatu, kisha huacha. Yaani huacha katikati ya njia, wakati mzigo uko karibu kufika. Tena si lazima aonje kijiko kizima. Kiasi cha ncha ya kidole chatosha. Hata akikitema, ulimi umekwisha kukutana na mgeni wake, na mara nyingine hautashtuka vile.

Wako waliochunguza mbele zaidi. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 2001, ilitangazwa habari ya mama waliokunywa maji ya karoti siku kadhaa kila juma, wengine wakiwa waja wazito, wengine wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula uji, ule uliotiwa karoti waliupokea kwa uso mkunjufu kuliko watoto wa mama waliokunywa maji matupu. Maana yake ni kwamba ladha ya chakula cha mama humfikia mtoto tumboni, na humfikia tena katika maziwa. Mama mwenye mimba alaye lengalenga na bamia amekwisha kuanza somo kabla mwanafunzi hajazaliwa. Na wale wazee wanaomkataza mwenye mimba chakula hiki na hiki kwa sababu ya miiko, twawaomba kwa heshima wafikiri tena.

Yafaa pia tukumbuke kwamba hayo tuyaitayo leo "mboga za kwetu" yalikuwa mageni siku moja. Mhogo si mzaliwa wa Maniema. Ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno katika pwani ya magharibi katika karne ya 16, ukapanda polepole kwa njia ya mito na masoko hadi ukafika kwetu. Mahindi, viazi vitamu, karanga, nyanya, hata pilipili, vyote vilivuka bahari kutoka Amerika. Mpunga, ambao ni fahari ya mkoa wetu, ulienea huku pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani ya mashariki katika karne ya 19. Basi palikuwa na siku ambapo mzee mmoja wa ukoo wetu alikaa mbele ya chungu cha sombe, chakula asichopata kukiona, akakunja uso kama anavyokunja mjukuu wake leo. Lau angalikataa kabisa, na wenzake wote wangalikataa, leo tungekula nini na bugali? Wala bugali wenyewe usingalikuwapo.

Sasa tufike sokoni, maana ndiko tulikotaka kuwapeleka tangu mwanzo.

Mtu aamkaye mapema Kindu ajua jinsi soko linavyojengeka. Mama wa Alunguli huvuka Lualaba kwa mitumbwi, mafungu ya majani yamefunikwa kwa majani ya mgomba yasinyauke. Wengine hufika kwa miguu, mzigo mgongoni, toka mashamba ya pembeni ya mji. Vijana husukuma baiskeli zilizobebeshwa hata gurudumu halionekani. Jua lipandapo, chini pamepangwa sombe, lengalenga, matembele, majani ya maboga, bamia, bilinganya, nyanya, vitunguu, na pengine kabichi. Kwa mtu mzima ni mahali pa kupatana bei. Kwa mtoto ni maonyesho makubwa, rangi na harufu na sauti, kama akipata mtu wa kumwonyesha.

Lakini tazameni desturi yetu. Mtoto mdogo huachwa nyumbani, au huchukuliwa mgongoni akiwa amelala, au hushikwa mkono na kukokotwa haraka haraka. Aonapo kitu na kuuliza, huambiwa, "Nyamaza, twende." Mahali pekee ambapo mama husimama naye ni pale penye biskuti na pipi, ili apate kitu cha kumnyamazisha. Basi mtoto hujifunza nini sokoni? Hujifunza kwamba kitu kitamu hukaa ndani ya karatasi inayong'aa, na kwamba majani ni mzigo wa mama.

Wazee wetu wa Maniema waliliheshimu soko kuliko hivyo. David Livingstone alikaa miezi kadhaa Nyangwe, kijiji cha mtoni upande wa kusini wa Kindu, mwaka 1871, akaandika mengi juu ya soko la pale: mama kwa mamia na samaki, mihogo, mafuta, chumvi, kuku. Alishangaa hasa desturi moja, kwamba hata vijiji vilipokuwa vikipigana, wanawake waliokwenda sokoni hawakuguswa na mtu. Soko lilikuwa mahali pa amani. Ndiyo maana tarehe 15 Julai ya mwaka huo ikawa siku ya kilio: watu wa msafara wa wafanya biashara ya watumwa waliwafyatulia bunduki wanawake sokoni, wengi wakatumbukia Lualaba na kufa maji. Wafanya biashara wenyewe waliwahesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wala wazee wa Kindu hawahitaji kurudi mbali namna hiyo. Katika vita vya mwaka 1998 hadi 2003, wengi walionja siku ambazo mashamba yalikuwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu, maana aliyetoka hakujua kama atarudi. Fungu la matembele lililowekwa chini kwa amani, mtoto akaruhusiwa kulinusa, ni jambo walilolitamani watu wengi wakafa hawajaliona tena.

Kwa hiyo, mama, au wewe baba (tutarudi kwako), chagua Jumamosi moja asubuhi kabla ya joto. Mchukue mtoto mmoja tu, usiwachukue wote, maana soko na watoto watano ni mateso. Njiani mwambie: leo wewe utachagua mboga moja, nasi tutaila kesho baada ya Misa. Mpe faranga mkononi mwake mwenyewe. Ufikapo, usiwe na haraka. Mwache ashike bamia na kusikia jinsi ngozi yake inavyokwaruza. Mwache anuse nyanya, avunje jani la tembele na kulitazama. Mwambie amwulize muuzaji kwa adabu: "Mama, hii yaitwaje? Hupikwa namna gani?" Hatujaona muuzaji aliyekasirishwa na swali hilo. Wengi hucheka, humweleza mtoto tangu shamba hata chunguni, tena humwongezea jani moja juu ya fungu. Mtoto aliyepewa nyongeza kwa mkono wa mgeni hulibeba fungu lile nyumbani kama zawadi ya Noeli.

Akichagua bilinganya, nawe hupendi bilinganya, nunua bilinganya. Umempa neno lako.

Hapa yatupasa kusema jambo moja kwa nguvu. Kuonja sokoni si kula sokoni. Kipindupindu si mgeni katika miji ya Lualaba, na nyanya iliyopangwa chini, ikanyunyiziwa maji yasiyojulikana yalikotoka, haifai kutiwa kinywani papo hapo hata kama mtoto alia. Mboga iliwayo mbichi ioshwe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Sombe isionjwe mbichi kamwe. Itwangwe vema, ichemshwe sana, na sufuria iachwe wazi mwanzoni ili sumu itoke na mvuke. Kwa lengalenga na matembele haifai kupika muda mrefu namna hiyo, kwani vitamini C nyingi hupotea. Mawese yatiwe bila choyo: vitamini A hupenda kusafiri na mafuta, na mawese mekundu yenyewe yana akiba yake kubwa.

Nyumbani kazi ya mtoto haijaisha. Achambue majani, atenge mashina, amwage maji ya kuoshea. Akitaka kushika mchi, ashike, hata kama atwanga sakafu kuliko kinu. Chakula kilichopitia mikononi mwake hakiji tena mezani kama mgeni. Kisha, kipakuliwapo, mwekee kidogo kabisa, kando ya wali wake aupendao, bila hotuba. Akionja, vema. Asipoonja, msimwimbie wala msimtishe. Na zaidi ya yote msimwambie, "Kula majani, nitakupa biskuti." Kwa maneno hayo mmekwisha kumfundisha kwamba majani ni adhabu na biskuti ndiyo mshahara, wala mtoto si mjinga, akumbuka kilicholipiwa.

Sasa baba. Twajua utasema kwamba mambo ya chunguni ni ya wanawake. Lakini nani huketi mbele, akatazamwa na macho yote? Katika nyumba nyingi samaki au kipande cha nyama huenda kwa baba, na majani hubaki kwa mama na watoto. Mtoto wa kiume atazama, afahamu: majani ni chakula cha wasio na cheo, nami nitakapokuwa mtu mkubwa nitakula nyama. Wewe hukusema neno. Sahani yako imesema. Na mara ngapi tumesikia baba akiuliza, kwa sauti ya dharau, "Leo tena majani?" Mama aliyetwanga sombe tangu saa tisa ashindwa mbele ya watoto wake kwa maneno matatu. Baba atakaye watoto wake wale mboga na aombe mboga mwenyewe, aile wakimwona, na kipande chake cha samaki akigawe. Na siku moja na aende yeye sokoni na mtoto. Watu watamtazama. Waache watazame.

Maandiko Matakatifu yatupa habari ya vijana wanne waliochukuliwa mateka Babeli, Danieli na wenzake watatu. Waliwekewa chakula cha meza ya mfalme, na kwa kuitunza sheria ya Mungu hawakutaka kujitia unajisi nacho. Mlinzi aliogopa: vijana hawa wakikonda, kichwa changu kitakuwa mashakani. Danieli hakubishana naye. Aliomba jaribio la siku kumi, mboga na maji tu, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za wenzao. Siku kumi zilipotimia, wao ndio walioonekana wenye afya kuliko wote. Hatusemi kwamba kitabu kile kiliandikwa ili kufundisha upishi, wala hatuwaambii mwanyime watoto samaki na maharagwe, vitu wavihitajivyo sana. Lakini twaipenda ile adabu ya Danieli: hakulazimisha, aliomba kujaribu, akataja siku. Mama asemaye moyoni, "Nitamwonjesha mtoto huyu lengalenga mara kumi, kwa amani, kabla ya kusema lolote," yu katika shule ya Danieli. Kinyume chake ni Waisraeli jangwani, waliokuwa wakipewa mana toka mbinguni, nao wakalia wakiyakumbuka matango na vitunguu vya Misri. Hao angalau walizililia mboga!

Wengine watatuambia: mwafundisha kuchagua mboga, hali sisi hatuna hata faranga za kununua chumvi. Twalisikia neno hilo, wala hatulidharau. Iko nyumba ambayo tatizo lake si mtoto kukataa. Ni chungu kitupu, na nyumba hiyo yahitaji msaada wa jirani na wa jumuiya ya Kikristu kabla ya mashauri yetu. Lakini kwa nyumba nyingi za Kindu, fungu la lengalenga si ghali kuliko pipi na soda zinunuliwazo kwa juma zima, na mahali penye uwanja mdogo nyuma ya nyumba lengalenga yaweza kupatikana bila faranga hata moja.

Mwulizeni yule muuzaji wa Jumamosi awape bua moja lililokomaa, lenye mbegu. Mtoto akung'ute mbegu juu ya sahani. Ni nyeusi na ndogo mno, hata pumzi yaweza kuzipeperusha, basi azichanganye na mchanga mkavu kidogo kabla ya kuzimwaga. Kipande cha bustani chenye urefu na upana wa mkeka chamtosha. Udongo ulainishwe kwa samadi iliyooza, mbegu zifunikwe kidogo tu, zinyunyiziwe maji asubuhi na jioni ikiwa ni kiangazi, na kuku wazuiliwe kwa miiba. Baada ya majuma manne hivi mtoto ataweza kukata mavuno yake ya kwanza. Akate juu, aache shina na majani machache chini, na mmea utachipuka tena.